Chembe Nyekundu

"Gonga tena," Kamakshi alimwambia fundi wake.

Fundi akakigonga kiungo cha waya kwa kinyundo cha mpira. Kelele ikaruka kwenye skrini, ile ile inayoiziba masikio setilaiti yao huko juu: kila ikirusha mawimbi, haisikii wito wa meli iliyo taabani. Tangu asubuhi walinzi wa pwani walikuwa wakiulizia meli moja.

Kiungo hiki kilikuwa pacha wa kile kilichokwenda angani. Vilikazwa siku moja, hapa Bengaluru, kwa spana moja.

"Kifungue."

Ndani, kwenye ukingo uliopakwa dhahabu, palikuwa na chembe nyekundu.

"Kutu hiyo, bosi."

"Dhahabu inashika kutu tangu lini, mzee wangu?"

Kamakshi aliigusa. Ikasambaa laini kama unga kwenye ncha ya kidole, nyekundu sawasawa na alama iliyokuwa kwenye paji la uso wake.

"Mlikikaza lini?"

"Kesho yake baada ya sikukuu ya kubariki zana kwa unga mwekundu." Fundi alitazama chini. "Spana niliifuta, bosi. Lakini nani anafuta baraka ikaisha yote?"

"Na aliyeipaka ni nani?"

Fundi akainua macho kumtazama.

"Si wewe mwenyewe? Ulisema kazi ya spana hii inakwenda mbali, ukaipaka mara mbili."

Huko juu hakuna mkono wa kufika na spana.

Simu ya mezani ikalia. Walinzi wa pwani. Kamakshi akanyoosha mkono kuipokea, akakiona kidole chake, akaiacha ilie.