Samaki wa Bi Riziki

Sheria ya bahari ya barafu ni moja: meli ya mafuta haipiti mpaka mama mzazi wa nahodha ahamie ufukweni na kula samaki wa maji yale kila siku. Bi Riziki wa Tanga alihamia kwa ajili ya bintiye, nahodha Saumu.

Leo, meli ya Saumu ilipokwisha kupita, samaki alinuka mafuta ya taa hata baada ya kukaangwa. Nahodha anayechafua maji huchukuliwa, asionekane tena.

“Bibi, mbona huli?” mkaguzi Makame aliuliza. “Samaki kakununia?”

“Nangoja ndimu ikolee, baba.”

Akakamua ya pili, akala mpaka akafyonza miiba.

Makame akaandika kwamba maji ni salama. “Kesho Saumu anapita tena, Bibi. Nikuletee mkubwa zaidi?”