Jiwe la Kupeleka Yanarumi

Zamani hizo Lama, mnyama wa mizigo mwenye shingo ndefu, alikuwa akiupanda Yanarumi, mlima mrefu wa Andes ambao jina lake kwa Kikechua ni Jiwe Jeusi. Mgongoni alifunga jiwe kutoka bondeni, maana mila ilimtaka kila mpita njia aache lake kule juu. Alipanda bila haraka wala shaka, shingo juu, kama mtu anayekwenda kwao.

Mbweha, bingwa wa kukwepa mizigo, alimfuata akicheka.

"Shangazi, mlima wenyewe unaitwa Jiwe, nawe unaupelekea jiwe!"

"Beba lako, mwanangu."

"La nini? Nitaokota huko huko."

Huko juu kulikuwa na barafu tupu. Mawe yalikuwa yale ya wapita njia tu, yamepangwa yakawa ukuta. Mbweha hakujali. Alichomoa moja chini ya ukuta, akalitupia juu kwa mbwembwe.

"Haya, langu hilo!" Kisha akajikunja nyuma ya ukuta apumzike.

Mara ukavuma upepo wa kuua. Ukapenya kwenye tundu aliloacha, ukampiga mbavuni hadi meno yakagongana.

"Shangazi, nakufa! Mlima umenikasirikia!"

Lama alilitua jiwe lake, akalisukuma kwa pua mpaka likaziba tundu. Baridi ikakatika.

"Mlima haujawahi kuomba jiwe la mtu," alisema, akijilaza kando yake. "Njia nzima nilikuwa nakubebea wewe."