Koti la Kasanda

Nyamizi alilitafuta koti msumarini asilione. Mkamwana wake, Tatu, akamwonyesha kambani, linachuruzika maji.

"Nimekufulia, mama. Lilikuwa linanuka!"

"Ahsante, mwanangu," akajibu. Angemwambia nini? Tangu mumewe, Kasanda, afariki, kila alipopeleka jiwe la chumvi bondeni alivaa koti lile, maana mbawala walimzoea Kasanda, na harufu ngeni huwatimua. Si kwamba marehemu alikuwa mwindaji. Aliwawekea chumvi tu, kisha yeye na mkewe wakajificha kichakani kuwatazama wakilamba, na Nyamizi akitaka kucheka, mumewe humfinya mkono.

Alilivaa hivyo hivyo, bichi, likinuka sabuni. Bondeni akaliweka jiwe jipya juu ya kisiki, katika shimo lililochimbwa na ndimi za miaka mingi. Baridi ikamzidi. Akalivua koti, akalitundika kwenye tawi kando ya kisiki, akaingia kichakani.

Jua lilipoanza kuzama, mbawala jike akatokeza. Akainua pua, akasita.

"Sabuni hiyo," Nyamizi akawaza. "Sasa hivi atakimbia."

Mbawala hakukimbia. Alisogea hatua kwa hatua, akalipita jiwe la chumvi kana kwamba halioni, akanyoosha shingo, akaanza kulilamba koti kwenye ukosi, polepole, pale jasho la Kasanda lilipozama maisha yake yote.

Kichakani, Nyamizi akajifinya mkono.