Kanda ya Bi Rukia

Siku hizi hakuna anayeweka wimbo nyumbani. Nyimbo hutoka ukutani mtu akiziomba, na zikiondolewa, hakuna anayeuliza zimekwenda wapi. Asubuhi ya harusi ya binti yangu Mwanaidi, ukuta ulitujibu kwa adabu kwamba wimbo wa kumtoa bibi harusi haupo tena.

Mwanangu asingetoka kimyakimya kama mkiwa. Nilileta redio ya kaseti na kanda yenye sauti ya marehemu mama yangu, Bi Rukia, akiimba wimbo huohuo. Nikachomeka kalamu kwenye tundu la kanda, nikaizungusha irudi mwanzo.

"Mama, unaiandikia nini?" Mwanaidi aliuliza.

Wifi yangu Saumu alicheka hadi ushungi ukamvuka. "Wifi, redio hiyo itaitafuna kanda! Utatuaibisha mbele ya wakwe."

Haikuitafuna. Sauti ya mama ilitoka pamoja na kikohozi chake, ikijaza ukumbi, na wakwe ndio waliotangulia kupiga vigelegele. Nilisimama wima kama niliyevishwa nishani.

Wimbo ulipokwisha, nilimkabidhi Mwanaidi kanda ile. "Hii ni yako."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akitafuta tarehe ya mwisho ambayo haikuandikwa popote.

"Ahsante, Mama. Ni yangu mpaka lini?"

"Ni yako, mwanangu."

"Nimesikia, Mama," alisema kwa upole. "Mpaka lini?"