Mguu wa Bi Mwanakheri

Siku ya saba baada ya harusi, wanawake wa upande wa mume walikuja kuliangalia jiko la Salha, kama ilivyo desturi. Waliacha viatu mlangoni, wakaketi kwenye mkeka, wakasubiri chai huku macho yakitembea kwenye masufuria.

Salha alikuwa akimimina kikombe cha tatu alipomwona mende akitoka chini ya kabati. Mende haumi, lakini huyu mmoja angetosha kuufanya mtaa mzima umwite bibi harusi mchafu.

Mama mkwe wake, Bi Mwanakheri, naye alimwona. Mwanamke huyu aliwahi kukimbilia barabarani bila mtandio kwa sababu ya mende. Alifumba macho, akanyoosha mguu wake mtupu, akamfunika.

"Mbona jasho linakutoka?" aliuliza wifi yake.

"Tangawizi hiyo," alijibu Bi Mwanakheri. "Mwanangu, niongeze."

Wenzake walipoinuka kuaga, yeye hakusogea. "Tangulieni. Nakaa kidogo na mkwe wangu."

Mlango ulipofungwa, Salha alipiga magoti kando ya mguu ule, kitambaa mkononi.

"Yu hai," alinong'ona Bi Mwanakheri, akimng'ang'ania bega. "Ananitekenya."

Salha alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Kicheko kikamshika na mama mkwe, machozi yakamtoka, na mguu ukabaki palepale sakafuni, kwa kuwa hakuna kati yao aliyethubutu kuuinua.