Sauti Iliyobaki Kampunini

Sheria ni kwamba mshauri wa fedha akiacha kazi, sauti yake inabaki kuwa mali ya kampuni, iendelee kuwahudumia wateja wake. Nilisaini, nikapewa sauti nyingine, nikafungua ofisi yangu Morogoro nikiringa kwamba simwamkii tena bosi. Hakuna mteja aliyenifuata.

Basi nikampigia mama yangu mzazi, aliyekuwa mteja wangu wa kwanza kule kwenye kampuni. Siku hizi haoni. Anatujua kwa sauti tu.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Gaspari."

"Gaspari nimeongea naye asubuhi," akasema kwa ukali. "Mwezi huu ananipigia kila siku, hata dawa ananikumbusha. Kaniambia kuna tapeli atapiga akijifanya yeye. Tena unikome!"

Akakata simu.

Miaka tisa niliyofanya kazi kule, sauti ile ikiwa bado yangu, sikumpigia hata mara moja kumuuliza kama amemeza dawa.