Kikohozi cha Dada

Dada alikuwa tayari kuwekewa dripu, miguu yake imelala kitandani kama si yake. Daktari alishatueleza: kinga ya mwili imemgeuka, inashambulia mishipa yake ya fahamu. Dawa hii ingeituliza. Lakini kama ana kifua kikuu kilichojificha, kingeamka na kummaliza.

"Unakohoa?" daktari akamuuliza.

"Mimi? Labda nikicheka sana," dada akasema, akanikonyeza.

Mwanga mweupe ulijaa chumbani, tukawa kama tunaelea ndani ya maziwa. Tone la kwanza lilining'inia kwenye mrija, halitaki kudondoka.

Asubuhi ya siku hiyo, nikiifua foronya yake, alikuwa ameniambia, "Mdogo wangu, nataka kutembea tu. Nyamaza."

Sasa nikanyoosha mkono, kama niko darasani.

"Daktari, anakohoa damu."